Moyo Ukutani, Kanga Madirishani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila ikinijia kichwani nacheka peke yangu, hata kama niko foleni ya maji na watu wananitazama. Nikishamaliza kucheka nashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua ndoo akakuta hajamwaga hata tone. Siku hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi ambayo wewe leo unaenda kuianza.

Nimesikia umechaguliwa. Unaenda kuwafundisha walimu wenzako jinsi ya kutumia vishikwambi na projekta darasani, shule kwa shule, kuanzia Mingoyo na kuendelea. Nimefurahi mpaka nimemtangazia jirani. Lakini nimekuona pia unavyotembea siku hizi, mkoba begani, waya zinaning'inia, macho yako mbali kama unayaona madarasa ambayo bado hayajajengwa. Macho hayo nayajua. Niliwahi kuwa nayo, na namshukuru Mungu hayajaniishia yote. Basi kaa kidogo nikusimulie. Unaniita mzee, nami naitikia tu, ingawa magoti yangu bado yananisikiliza.

Wakati huo nilikuwa binti mbichi, nimetoka kwetu Rondo na cheti cha ualimu chenye alama za kusukumasukuma, nikapangiwa shule ya msingi katika kijiji kimoja upande wa Pande, huku Kilwa. Umeme ulikuwa umefika shuleni karibuni tu, na bado watoto walikuwa wanashangilia taa ya ofisi ikiwashwa mchana. Siku moja ikaja nafasi ya mwalimu mmoja kwenda semina Lindi mjini, akajifunze projekta, akirudi awafundishe wenzake. Walimu wote wakatazama chini. Mimi nikanyoosha mkono kabla mwalimu mkuu hajamaliza sentensi.

Mwanangu, ile semina! Ukumbi una mapazia mazito ya rangi ya zambarau, una feni, una viti vya kuzunguka. Mkufunzi wetu alikuwa kijana mtanashati, maneno yake yote yameoshwa. Akasema, "Kabla ya yote, funga mapazia, zima taa. Picha inataka giza." Akafunga, akazima, akawasha. Ukuta ukafunguka. Tukaona mlima unatema moto, tukaona theluji, tukaona samaki wa chini kabisa wenye taa zao usoni. Mimi nilikaa pale mdomo wazi, nawaza watoto wangu wa darasa la tano ambao kitabu cha sayansi wanashika watu sita, na ukurasa wenye moyo wa binadamu umechanika katikati. Nikaandika kwenye daftari: giza. Nikapigia mstari.

Nikarudi na projekta ndani ya begi, nimeikumbatia kwenye basi kama mtoto mchanga.

Sasa walimu wenzangu. Kila baada ya vipindi tulikaa ofisini, nami nikawaonyesha. Walikuja, wengine kwa moyo, wengine kwa sababu mwalimu mkuu kasema. Lakini wote walikuwa na jicho moja kwa Mwalimu Mnali. Huyu alikuwa mzee wa shule, karibu anastaafu, shati jeupe kila siku limepigwa pasi ya mkaa. Alikuwa mwenyeji wa palepale. Nusu ya kijiji aliwafundisha kusoma, na hiyo nusu nyingine ni watoto wao. Sayansi alifundisha bila kitu, kwa sauti yake na mikono yake. Akifundisha mmeng'enyo wa chakula, watoto wanajipanga mstari wanakuwa utumbo. Akikubali yeye, wote wamekubali. Akikataa, begi langu linarudi kabatini likae na panya.

Na alikuwa anakataa. Alikuwa ananiuliza kila asubuhi, "Tekla, mgeni wako amekunywa chai?"

"Mgeni gani, mwalimu?"

"Huyo wa kwenye begi. Naona analala tu, hata hasalimii watu."

Siku ya kwanza kumpa kipanya cha kompyuta, alikiinua juu akakielekeza kwenye kioo, kama mtu anayebadilisha stesheni ya televisheni. Walimu wawili wakacheka. Mimi sikucheka kwa sauti, lakini nilitabasamu, naye aliona. Akakiweka kipanya mezani taratibu, akavaa kofia yake, akaenda zake. Wiki nzima hakukanyaga mafunzo.

Nilichokifanya baada ya hapo, mwanangu, sikufundishwa semina. Nilimkuta mchana amekaa kibarazani kwa ofisi, ameshika simu yake, anatabasamu. Mwanawe aliyeko Mtwara alikuwa amemtumia picha ya mjukuu. Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo picha umeikuza namna gani hata jino likaonekana?"

"Si unafanya hivi na vidole." Akafanya.

"Na sauti yake ulimrekodije jana?"

"Unabonyeza hapa, unashikilia, unaongea, unaachia. Wewe binti, hujui kutumia simu?"

Nikamwambia, "Najua. Nilitaka uone kwamba na wewe unajua. Kile cha kwenye begi ni hikihiki, kimenenepa tu."

Akaitazama simu yake. Kisha akacheka lile cheko lake la puani. Tangu siku hiyo tukawa tunakaa wawili tu, watoto wakishaondoka, bila mtu wa kutabasamu pembeni. Tulianza na simu yake, tukahamia kwenye kompyuta, mwisho tukaunganisha projekta. Alipobonyeza mwenyewe kwa mara ya kwanza, na moyo mwekundu ukatokea ukutani unajikunja na kujikunjua, alirudi nyuma hatua moja akasema polepole, "Miaka yote hii nimekuwa naufundisha kwa ngumi." Maana alikuwa akiwaonyesha watoto ngumi yake, anaikunja na kuikunjua. Akaitazama ngumi yake, akautazama ukuta. Mimi nilitamani kulia.

Akakubali kufundisha kipindi cha moyo darasa la tano. Lakini aliniwekea neno. "Tekla, mimi hapa sina shamba kubwa, sina duka. Nina shikamoo. Nikipita njia hii, kila mlango unanipa shikamoo. Nikiaibika kwa mgeni wako huyu, hiyo ndiyo itakayopotea. Unanielewa?"

Nikamwambia naelewa. Kijana akisema naelewa haraka namna ile, ujue bado.

Siku ikafika. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule mwezi wa sita, mpunga na mtama umeshaingia ndani, na unajua huku kwetu majira hayo ni majira ya nini. Kila upande wa kijiji kuna watu wanatayarisha ngoma, nyumba zinachaguliwa, wali, wale watoto wa kuchezwa, wataingizwa ndani. Nalijua hilo. Nimechezwa unyago mimi mwenyewe kwetu Rondo. Lakini siku ile kichwa changu kilikuwa kimejaa waya.

Tukawasha projekta asubuhi. Hola! Darasa la tano lilikuwa na madirisha makubwa yenye nondo tu, hayana mbao wala vioo, na jua la upande ule linaingia kama limekaribishwa. Moyo ukutani ukaonekana kama doa la chai kwenye kitambaa. Watoto wakawa wanauliza, "Mwalimu, tuangalie wapi?" Mwalimu Mnali akanigeukia, jasho limeanza kumtoka.

Nikakumbuka daftari langu. Giza.

Nikakimbia. Nikavua kitenge changu cha juu, nikaomba kanga za walimu wa kike, mpishi wa uji akanipa shuka, kwa mlinzi nikapata turubai la kuanikia korosho. Tukaziba madirisha yote. Mwanga ukawa bado unapenya mlangoni, nikafunga mlango, nikaegemeza dawati. Giza likaingia zuri kabisa, hata zambarau ya Lindi mjini haikufua dafu. Nikawasha.

Mwanangu, ungekuwepo. Moyo ukajaa ukuta mzima, mwekundu, unapiga. Watoto wakavuta pumzi wote pamoja. Kisha Mwalimu Mnali, badala ya kusoma maelezo niliyomwandikia, akafanya lile alilolijua. Akaanza kugonga meza kwa kiganja, akifuata moyo ulivyokuwa unapiga. Ndu-du. Ndu-du. Akauliza, "Moyo unasemaje?"

"Ndu-du!"

"Unapeleka nini?"

"Damu!"

"Unaipeleka wapi?"

"Mwili mzima!"

Na madawati yakaanza kupigwa, taratibu, yote kwa pamoja, ndu-du, ndu-du, watoto wanaitikia gizani, sauti nene ya mzee inaongoza. Nilisimama kwenye kona nimeshika waya, nikajisemea, Tekla, ndoto yako hii hapa, ina miguu. Nilifurahi hata sikusikia joto.

Wewe umeshajua nilichosahau. Umeshaanza kucheka. Subiri.

Nje alikuwa anapita Mama Rukia. Huyu alikuwa analeta vitumbua shuleni kila siku saa ya mapumziko, mwanamke wa maneno, mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Binti yake Rukia alikuwa humohumo darasani, na alikuwa hajachezwa. Sasa mwone mama huyu anakuja na ndoo yake. Anakuta madirisha yamezibwa kwa kanga mchana kweupe. Mlango umefungwa. Ndani giza, ngoma inalia, watoto wanaitikia kwa pamoja, na anayeongoza ni mwanamume. Ni mwezi wa sita. Kwa mtu wa huku, hapo kuna la kuuliza?

Aliacha ndoo palepale kwenye mchanga. Wanasema alikimbia mpaka kandambili moja ikabaki njiani.

Sisi tulishtukia mlango unasukumwa, dawati linaburuzwa, mwanga unatupiga machoni. Wanawake wameujaza mlango, wengine wana miko mikononi, mmoja ana unga mpaka kwenye viwiko. Mwalimu Mnali alikuwa amesimama mbele, katikati ya ule mwanga wa projekta, na moyo ukawa unapiga juu ya shati lake jeupe.

"Mwalimu Mnali!" Mama Rukia akapasua sauti. "Hata wewe? Hata wewe!"

"Kuna nini, mama?"

"Usiniite mama! Wavulana na wasichana chumba kimoja, giza, ngoma inapigwa! Nani kawapa ruhusa ya kutuchezea watoto? Mama zao tumekufa?"

"Tena na mwanamume ndani!" akaongeza mwingine kutoka nyuma. "Hee! Haijapata kutokea!"

"Rukia! Toka! Toka nje sasa hivi!"

Nikaona ni zamu yangu kuokoa jahazi. Nikajitokeza kwenye kona na maneno yangu ya semina. "Jamani akina mama, tulieni. Hii ni tehama. Ni njia shirikishi. Tunawafundisha watoto mambo ya ndani ya mwili."

"Mnasikia? Kakiri mwenyewe! Mambo ya ndani!"

Basi pale ndipo nilipoelewa: wanadhani tunawacheza watoto wao unyago. Nikageuka kumtazama Mwalimu Mnali. Alikuwa anamtazama Mama Rukia tu, kwa namna ambayo sitaisahau. Kisha akachukua kofia yake dirishani, akapita katikati ya wanawake, wakampisha bila mtu kumsalimu, akaenda ofisini. Nilimfuata mbio.

"Mwalimu, ngoja nitawaeleza..."

"Umeona?" akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Huyu nilimshika mkono kuandika herufi ya kwanza. Ameingia darasani kwangu bila shikamoo." Akakaa, akaweka kofia magotini. "Chukua mgeni wako, Tekla. Mimi nimemaliza."

Mwalimu mkuu alikuwa amekwenda Kilwa Masoko kwa shughuli za kikazi. Uwanjani wanawake walikuwa wanazidi, watoto wamekumbatiwa kama waliookolewa mtoni, wenyewe wanalalamika, "Mama, niache, tulikuwa tunaangalia moyo!" Hakuna anayewasikiliza. Mmoja akasema aitwe mwenyekiti wa kijiji. Mwingine akasema, kwa jambo hili si mwenyekiti, aitwe Bi Fatu.

Bi Fatu alikuwa kungwi mkuu wa pale. Mwembamba, mkimya, kanga zake mbili safi. Wanawake wote waliokuwa wanapiga kelele uwanjani walipita mikononi mwake, na alipotokea kelele zilikatika zenyewe. Mimi nikapiga magoti, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nyanyuka, unachafua gauni." Akapita moja kwa moja mpaka darasani. Akagusa kanga madirishani, moja moja, kama mtu anayekagua nguo sokoni. Akakaa kwenye dawati la mtoto. Projekta ilikuwa bado inawaka, moyo unapiga hafifu kwenye ule mwanga wa mlango.

"Wewe ndiye mwalimu wa kutoka Rondo?"

"Ndiyo, bibi."

"Umechezwa?"

"Nimechezwa, bibi."

"Siku walipokuingiza ndani, mama yako alikuwa anajua?"

"Alijua. Yeye ndiye aliyepeleka unga na kuku."

"Baba yako?"

"Alijua. Alikata miti ya uzio."

"Na siku ya kutoka, nani alikuwepo?"

Nikaikumbuka siku ile, mafuta yanang'aa mabegani, shangazi zangu wanacheza mpaka wanadondosha vilemba. "Watu wote walikuwepo, bibi. Kijiji kizima."

Akatikisa kichwa kukubali. "Unaona sasa. Watu wanadhani sisi tunafanya kazi yetu kwa siri. Siri ni yale maneno ya ndani. Lakini mlangoni hakuna siri. Sisi mpaka tufunge mlango, tumekwisha kaa na mzazi, amekwisha jua nani anaingia na mtoto wake, kwa nini, na atatoka lini. Nyie mmefunga madirisha, mzazi yuko nje anasikia ngoma. Mlitaka afikiri nini?" Akanigeukia. "Wewe umechezwa, ukafanya hivi? Angefanya mgeni ningemsamehe haraka zaidi."

Maneno hayo, mwanangu, hakuyasema kwa ukali. Aliyasema kama mtu anayekutoa mwiba. Nikalia palepale, machozi ya kweli, kwa sababu nilikuwa namwona Mwalimu Mnali ofisini na kofia yake magotini.

"Usilie, bado hatujamaliza. Hiki kinachopiga ukutani ni nini?"

"Moyo, bibi. Moyo wa mtu, jinsi unavyofanya kazi."

"Moyo?" Akasogea mbele. Mkono wake ukaenda kifuani bila yeye kujua. "Mimi zahanati wananiambia nina presha. Wananipa vidonge, nameza. Nimeuliza presha ni nini, wananiambia bibi meza tu. Nani hapa anaweza kunieleza?"

"Mwalimu Mnali."

"Basi aje. Lakini toeni hizi kanga kwanza. Kila dirisha. Na hao akina mama waingie."

Nikasema, "Bibi, tukitoa kanga picha haionekani."

"Hilo ni la kwako. Wewe ndiye uliyesomea."

Alikuwa na haki. Hilo lilikuwa la kwangu. Nikasimama mbele ya ile mashine, nikiwa nafuta kamasi, na kwa mara ya kwanza sikulifikiria lile daftari. Nikafikiria tochi. Mtu akimulika tochi mbali, duara ni kubwa lakini limefifia. Akiisogeza karibu na ukuta, duara linakuwa dogo, linawaka. Tulipokuwa Lindi mjini, ukuta mzima ulipendeza kwa sababu ukumbi ulikuwa mkubwa na mapazia yapo. Mimi hapa nilitaka ukuta mzima wa nini? Nikaburuza meza mpaka kwenye kona ile ambayo jua haliifikii, karibu kabisa na ukuta. Nikarekebisha. Moyo ukasinyaa, ukasinyaa, mpaka ukawa saizi ya sinia la pilau, na hapo ukakolea wekundu wake, unapiga, madirisha yakiwa wazi na upepo unaingia.

"Haya," akasema Bi Fatu. "Hapo hata mimi naona."

Akina mama wakaingia, kwanza kwa kuchungulia, halafu kwa kusukumana. Watoto wakapenya katikati ya miguu yao. Nikakimbia ofisini kumwita Mwalimu Mnali, akakataa. Nikamwomba, akakataa. Alisema, "Mwanangu, nenda ukawafundishe wewe. Unajua." Ndipo Bi Fatu mwenyewe akatokea dirishani kwa ofisi, ameshika nondo.

"Mwalimu Mnali, mimi mwaka mzima moyo wangu unanikimbiza usingizini, na wewe umekaa na kofia? Njoo unieleze. Hao wengine watasikiliza wakitaka."

Alinyanyuka. Taratibu, lakini alinyanyuka. Akanyoosha shati lake.

Ninavyokwambia, mwanangu, nimehudhuria semina nyingi tangu siku ile. Somo kama lile sijaliona. Alisimama pembeni ya ile picha, akamwambia Bi Fatu aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe. "Umepata? Kinakugonga? Huyo ndiye yeye, amefika mpaka hapo kukusalimu." Akina mama wote wakaanza kujipapasa mikono, shingo, mwingine akampapasa mwenzake akapigwa kofi la mzaha. Akaeleza njia za damu kwa mpira wa kumwagilia bustani, ukiubana mdomo maji yanavyotoka kwa nguvu. "Hiyo nguvu ndiyo presha, bibi. Na kidonge kinakuja kulegeza mpira. Ndiyo maana usikiache hata ukijisikia mzima." Bi Fatu akawa anatikisa kichwa, polepole, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Kisha mwalimu akagonga meza, ndu-du, ndu-du, na safari hii wakaitikia watoto na mama zao, madirisha wazi, mpaka mpishi wa uji akaja kuchungulia na mwiko wake.

"Kumbe ndo hivi!" Mama Rukia akasema, anajifuta macho kwa upande wa kanga, sijui kwa kucheka au kwa nini. "Kumbe ndo hivi tu, jamani! Na vitumbua vyangu nimeviacha kwenye mchanga!"

"Vimeliwa na kuku," akasema Rukia.

Cheko lililopigwa darasani siku hiyo lilinitoa mzigo wote mgongoni. Lakini mimi nilikuwa namtazama Mwalimu Mnali, maana nilijua anasubiri kitu, na mwenyewe asingekiomba. Alizima projekta, kwa kidole chake mwenyewe, sikumsaidia. Akachukua kofia. Akina mama wakaanza kutoka. Mama Rukia alikuwa wa mwisho. Alifika mlangoni, akasimama, akarudi. Akapiga goti kidogo, kama alivyokuwa akipiga alipokuwa mtoto wa darasa la kwanza, akatazama chini.

"Shikamoo, mwalimu."

Mzee akaigeuza kofia mikononi. Mimi nikashika pumzi. Nadhani hata ule moyo wa ukutani, kama ungekuwa bado unapiga, ungesimama kidogo.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Kesho ulete vitumbua mapema. Tuna kipindi cha mapafu."

Basi, mwanangu, ndiyo siku yenyewe. Mwalimu Mnali alitumia ile projekta mpaka akastaafu, na walimu wengine wakamfuata, bila mimi kumlazimisha mtu. Hivyo unapokwenda kwenye hizo shule zako, chukua haya yangu uyatie kwenye mkoba pamoja na waya zako.

Usimfundishe mwalimu kama mtu asiyejua. Mtafute kwanza pale anapojua, pengine ni kwenye simu yake na picha ya mjukuu, ushike mkono wake kuanzia hapo. Akikosea mbele ya watu, hata tabasamu lizuie, mkae wawili. Na lile analolifanya vizuri bila umeme, ngoma yake, ngumi yake, utumbo wake wa watoto kumi, usimnyang'anye. Mashine ije ikae pembeni yake imsaidie. Ikimpiga kikumbo, umekosea wewe.

Yale ya semina yaheshimu, lakini ukifika darasani litazame darasa lenyewe. Uliza jua linaingilia wapi. Uliza madirisha yana nini. Picha ndogo inayoonekana inatosha kabisa.

Na zaidi ya yote, fika kwa wazazi kabla kitu chako hakijafika kwa watoto. Waite waje wakione kikiwaka, wakiguse, waulize maswali ya kipuuzi na ya maana. Unaingiza kitu kipya ndani ya vichwa vya watoto wao, ni haki yao kujua nani anaingia nacho. Wakijua, watakupa hata kanga zao. Wasipojua, hata kanga zako mwenyewe zitakushtaki.

Sasa nenda, jua linapanda na gari la Mingoyo halisubiri. Mungu akutangulie kila mlango utakaobisha. Akupe walimu wenye subira na wewe, na wewe akupe subira zaidi yao. Umeme usikukatikie katikati ya somo, na ukikatika, ulimi wako usikatike. Ndoto zako azilinde zisizeeke, na uwe unarudi nyumbani jioni umechoka lakini unacheka. Kila njia utakayopita, mwanangu, upewe shikamoo yako kabla hujaiomba. Amina.